Gari Langu Lilipotolewa Mahari

Mniwie radhi kwa mwandiko huu. Niliishia darasa la saba, herufi zangu zinalala huku na huku, na ukurasa mmoja hunimalizia asubuhi nzima. Nilipokosea herufi, weka unayoona inafaa.

Duara letu la Rwamgasa, yaani shimo la dhahabu, lilipotoa, wenzangu walinunua mashamba na mabati. Mimi niliona mbali zaidi. Nilinunua gari, Altezza, kwa kijana wa Kahama. Ilikuwa imeshushwa mpaka inafyeka majani, imefungwa turbo, viti vya nyuma vimeng'olewa ili iwe nyepesi, na bomba la moshi pana kama sufuria ya msibani. Ilikimbia vizuri sana kutoka nyumbani hadi korongo la kwanza.

Kisha nikapata mchumba. Baba yake hakuvutiwa na turbo. Alitaka ng'ombe kumi, na kulikuwa na mwingine aliyekwisha kuulizia.

Mzee mmoja mfugaji, upande wa Buzwagi, akasema yuko tayari kubadilishana. Alihitaji gari la kwendea mnadani. Mimi nikiongea na mtu mzima hutazama vidole vya miguu, kwa hiyo nikamchukua mjomba. Yeye ndiye mshenga wa ukoo. Ameozesha mabinti wetu wote na hajawahi kuuza hata baiskeli.

"Mwadila, baba," mjomba akasalimia. "Mtoto wetu ndiye huyu, amelelewa vizuri."

Mzee akalizunguka gari. "Mbona amechuchumaa?"

"Adabu hiyo. Anapiga magoti mbele ya wakubwa."

"Fungua huku mbele nione."

"Ah, mzee! Binti wa watu unamfunua hadharani?"

Wakacheka. Nikawasha, kuku wakakimbilia kwenye mihogo.

"Anaumwa?" mzee akauliza.

"Anaimba tu. Ndivyo alivyo akiwa jikoni."

Mzee akataja saba, mjomba kumi na tano, na baada ya ugali wakakutana kwenye kumi. Walipopeana mikono, mjomba akamalizia kama anavyomalizia kila ndoa: "Na akikushinda, baba, usimpige. Mrudishe kwetu, nasi tutakurudishia ng'ombe wako."

Sidhani kama kuna muuza magari mwingine aliyewahi kuwa na roho nzuri hivyo. Mzee akaomba mashahidi wasikie. Mashahidi wakasikia vizuri sana.

Ng'ombe wakaenda ukweni moja kwa moja, mchumba akawa mke wangu. Kabla ya mavuno gari likarudi, likivutwa na maksai wawili. Pale palipokuwa na viti vya nyuma palinuka mbuzi. Bomba la moshi mzee alikuwa amelikata kwa msumeno, eti kwa kelele zake ndama walikuwa wanakataa kunyonya.

"Kijana, amenishinda," akasema. "Nataka ng'ombe wangu."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba ng'ombe wakirudi kwa mzee, yeye anarudi kwao. Mjomba, bingwa wa maneno, akapatwa na kikohozi.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Ng'ombe."

"Mke akirudishwa, hurudi mzima kama alivyokuja. Huyu mmemkata ulimi."

"Nini? Sema kwa sauti."

Nikarudia, safari hii majirani nao wakasikia. "Kelele zake mlizisikia kabla ya kutoa ng'ombe. Mkamchukua hivyo hivyo."

Mzee akalitazama bomba, akamtazama mke wangu, kisha mimi. "Kumbe unaongea! Ungeongea siku ile, ukaziita kelele badala ya wimbo, ningempata kwa ng'ombe watano." Akawafungua maksai wake, akaondoka nao, gari akaliacha uani.

Mke yupo, anapika. Mjomba anatangaza kila kilabu kwamba yeye ndiye aliyepatanisha. Gari nalo lipo, kuku wanataga ndani, na mke wangu anataka nafasi hiyo apande mchicha. Sithubutu kuliuza, maana sijui kama bado ni la mzee. Wewe uliyesoma, kama kwenu mnajua gari lililorudishwa huwa la nani, chukua kalamu uniambie. Andika herufi kubwa, nasoma polepole pia.