Mguu Uliokataa Kuachia Breki

Sina faida yoyote ya kukudanganya. Mimi ni makanika, kazi yangu ni chuma na grisi, na kanisani kwetu mtu akianza habari za mizimu huombewa hapo hapo. Kwa hivyo ukinisikia nikisema hili lilinipata, tena mchana, jua kwamba ningependa zaidi kulinyamazia.

Gereji yangu iko Sultan Hamud. Mwezi wa saba mama mmoja wa Nunguni, Mama Mwende, alinipigia simu. Marehemu mumewe alikuwa ameacha gari, saluni kubwa ya zamani, zile za boneti ndefu na kiti cha nyuma kama sofa. Tangu azikwe, miaka mingi, lilikuwa limekaa tu kibandani. Sasa binti yao Mwende alikuwa anaolewa, na alikuwa amekataa katakata kupelekwa kanisani na gari lingine lisilo la babake.

"Fundi, gari iko sawa," mama akaniambia. "Ni kusimama tu imesimama."

Kusimama tu! Gari likisimama miaka unalikuta vipi? Betri ilikuwa imekufa. Petroli ilikuwa imeoza inanuka kama rangi ya zamani. Panya walikuwa wamejenga juu ya injini na kutafuna nyaya, na mkanda wa feni ulikatikia mkononi mwangu. Hayo nilipambana nayo asubuhi yote, mpaka injini ikawaka, ikakohoa moshi mweusi, ikatulia. Zikabaki breki. Ukikanyaga, pedali inazama hadi chini kama unakanyaga uji. Nikabadilisha raba za ndani ya breki zilizokauka, nikaweka mafuta mapya ya breki. Sasa ilikuwa kazi ya kutoa hewa.

Kazi hiyo inataka watu wawili. Mmoja anakaa ndani, anakanyaga pedali na kushikilia. Mwingine yuko chini kwenye tairi, anafungua skrubu ndogo, hewa inatoka na mafuta, anafunga, ndipo wa ndani anaachia. Akiachia mapema, hewa inarudi na mnaanza upya. Mwenzangu wa gereji alikuwa mgonjwa siku hiyo, na Mama Mwende alikuwa jikoni, upande wa chini wa boma.

Alasiri ukungu ukashuka, ule wa Nunguni unaoingia hadi ndani ya kola. Kibanda kile kiko kwenye mteremko, na gari lilikuwa limeelekeza pua bondeni. Handbreki haikushika, kebo ilikuwa imekatika. Niliweka mawe mbele ya tairi za mbele, nikainua nyuma kwa jeki, nikaomba Mungu. Usinicheke. Makanika wengi tunafanya hivyo.

"Unataka wa kukanyaga?"

Nilipogeuka nikaona mwanamume wa makamo amesimama upande ule mwingine wa gari, koti zito la kijivu, mikono mifukoni. Nikadhani ni jirani. Nikamwambia, "Eh, mzee, nisaidie kidogo tu." Akafungua mlango, akapeleka mkono chini ya kiti na kukisogeza nyuma bila hata kutazama, akakaa. Mimi nikalala chini.

"Kanyaga!" Taa nyekundu ya nyuma ikawaka kando ya kichwa changu. "Shikilia!" Nikafungua skrubu, mapovu yakatoka. Nikafunga. "Achia!" Taa ikazima.

Tairi ya kwanza tuliimaliza vizuri. Niliposogeza jeki upande wa dereva na kuanza ya pili, akauliza kwa sauti ya chini:

"Wametoka wote?"

Nikacheka, nikidhani anauliza mapovu ya hewa. Sisi Wakamba na Kiswahili chetu, hata hewa tunaweza kuifanya mtu. Nikamjibu vivyo hivyo: "Bado, wamebaki wachache. Shikilia!"

Akashikilia. Nikafungua, nikafunga, nikamwambia aachie. Taa haikuzima.

"Mzee, achia."

"Wametoka wote?" Sasa pumzi yake ilikuwa fupi, kama mtu aliyebeba gunia.

"Bado!" nikasema, nimeanza kukasirika. "Lakini achia kwanza!"

Hapo gari likaanza kutetemeka. Niamini, injini ilikuwa imezimwa, ufunguo uko mfukoni mwangu. Lilitetemeka kama mguu wa mtu unavyotetemeka ukichoka. Jeki ikalia. Kule mbele nikasikia jiwe moja likisagika.

"Mguu umechoka," akasema. "Nikiachia, itaenda nao."

Sikungoja kuelewa. Nilijiburuta kwa mgongo mpaka nje, nikainuka, nikachungulia dirishani.

Hakukuwa na mtu. Kiti kilikuwa kimebonyea kama kimekaliwa. Pedali ilikuwa imelala hadi sakafuni. Taa za nyuma zilikuwa bado zinawaka, na ukungu wote wa pale kibandani ulikuwa mwekundu. Ungefanya nini wewe? Mimi, kwa ujinga, nilifungua mlango nikaingiza mikono yote miwili kuivuta ile pedali juu. Haikusogea hata kidogo. Na chini ya vidole vyangu nilihisi ngozi ya kiatu, baridi, mahali ambapo macho yangu hayakuona kiatu.

Nilipiga kelele ambayo sijui ilitokea wapi. Mama Mwende akaja mbio, mikono ina unga. Akaona zile taa. Hakuniuliza kumetokea nini.

"Ulimwambia nini?"

"Nani, mama?"

"Fundi, ulimwambia nini?"

"Aliuliza kama wametoka. Nikamwambia bado. Nikamwambia ashikilie."

"Asi!" Akashika kichwa. Kisha akapiga magoti kwenye mlango wa dereva, akaweka mkono pale chini, akaongea kwa Kikamba, polepole, kama unavyoongea na mgonjwa. "Baba Mwende. Watoto wametoka. Kioko ametoka. Mwende ametoka, amekuwa mkubwa, Jumamosi anaolewa. Hakuna mtu ndani. Achia sasa."

Pedali ikaanza kupanda, taratibu sana. Taa zikazima. Gari likasogea mbele kidogo, jeki ikapinduka, na ile drumu ya chuma niliyokuwa nimeitoa tairi ikaanguka na kuchimba udongo pale pale kifua changu kilipokuwa. Mama hakushtuka. Alikuwa analia.

Alinieleza baadaye, tumekaa jikoni. Mumewe alikuwa akiteremka na watoto kutoka sokoni breki zikaisha nguvu. Alilipigania gari mpaka likasimama ukingoni mwa bonde, tairi moja ya mbele hewani. Akajua likisogea tu limeenda. Akakanyaga kwa uzito wake wote, akawaambia watoto watoke kwa mlango wa nyuma. Hakuthubutu hata kugeuza shingo, kwa hivyo akawa anauliza, wametoka wote? Watoto walikuwa wanalia barabarani, hakuna aliyemjibu. Watu walipofika na mawe walimkuta moyo umesimama, mguu bado uko kwenye breki.

Breki nilizimalizia kesho yake na mwenzangu, gari likiwa uwanja tambarare. Mwende alipelekwa kanisani, wananiambia alipendeza. Mimi sikuhudhuria.

Mpaka leo, nikiwa chini ya gari na mtu ndani akakaa kimya kidogo, jasho hunitoka na lazima niinuke nione ni nani. Vijana wa gereji wanadhani ni uzee. Lakini kinachoninyima usingizi si ile sauti. Ni kwamba mtu alikuwa ameshikilia miaka yote hiyo akingoja jibu moja, na mimi nikampa la mzaha.

Kwa hivyo wewe unayelala chini ya magari, sikia. Mtu usiyemjua akija kukukanyagia breki, mtazame uso, muulize jina na kwao. Na akikuuliza swali, hata likikuchekesha, toka chini kwanza ndipo umjibu.