Mikutano ya Mama Mitambo

Kwenye chama cha wauguzi walimwita Mama Mitambo, ingawa kazi yake ilikuwa ukatibu. Mwenyekiti alitaka programu moja tu kwa mikutano yote ya mtandaoni. Mama Mitambo akamweleza kwamba kamati ya watu saba inahitaji mahali pa kukatizana na kucheka, lakini wanachama mia tatu wanahitaji programu inayozima vipaza sauti vyote, na anayetaka kusema anyooshe mkono kwanza.

"Usinitatize, dada. Hii ya kamati inatosha," alisema mwenyekiti.

Basi mkutano mkuu ukafanyika kwa ile ya kamati. Programu ilijaa upesi, na nusu ya wanachama walifungiwa nje. Walioingia walisikia mtoto akilia, bomba likimwaga maji, na muuguzi mmoja akimpa mumewe vidonge vyake, na si vya hospitali.

"Umeniaibisha!" mwenyekiti alifoka.

Mama Mitambo hakuwa na nguvu za kubishana. Alitafuta programu ya watu wengi, akaijaribu na kila tawi mpaka sauti ikamkauka.

Jumamosi ikawa zamu ya nyumbani. Ndugu zake wanne walikuwa wametawanyika miji mbalimbali, na ilibidi waamue baba yao, aliyepooza mguu na kwa sasa alikuwa kwake, ataishi kwa nani. Safari hii hakutaka makuu. Aliwaita kwa video kwenye ile programu wanayoitumia kupeana salamu kila siku. Nyuso tano zilienea kwenye kioo cha simu.

Wakaanza kutupiana mpira. Kaka mkubwa alisema nyumba yake ina ngazi nyingi. Kitinda mimba akasema mkewe yu karibu kujifungua. Wawili waliobaki wakasingizia mtandao.

Baba, aliyekuwa ameketi pembeni asionekane, akaivuta simu.

"Mnanijadili kama kabati la kuhamishwa. Nitabaki hapa kwa binti yangu, kama ananitaka."

"Nakutaka, baba," alijibu, na kweli alimtaka. Ila alijua ni nani atakayemwogesha na kumpeleka kliniki. Akawageukia ndugu zake. "Lakini peke yangu siwezi. Simu hii haikatwi mpaka kila mtu aseme anakuja lini."

Kaka mkubwa akakohoa. "Mwezi ujao nachukua likizo. Nakuja, dada."

Wengine wakaahidi kuangalia ratiba zao, kisha nyuso zikatoweka mojamoja.

"Wote wamekwenda?" baba aliuliza.

"Wamekwenda."

"Basi zima hilo dude, upumzike."

Akalizima, akapitiwa na usingizi palepale kwenye kochi, viatu vikiwa bado miguuni.