Robota Halinyanyuki Bila "Kurofune"

Saa moja asubuhi, hamali wanne wameinama juu ya robota la katani kwenye gati la Tanga. Hakuna anayenyanyua. Wanamtazama Zubeiri Kombo, mwenye miaka arobaini na moja, aliyesimama mbele yao, kikoi amekikunja hadi magotini.

"Kurofune!" anapaza sauti.

"Iondoke!" wanaitika, na robota linaachana na ardhi.

"Bakufu!"

"Ianguke!"

Hatua nane, mzigo wa ratili zaidi ya mia tano umekaa ndani ya tishali, chombo cha kupeleka mizigo melini.

Kurofune ni meli nyeusi za kigeni zilizoingia Japani mwaka 1853 bila kupiga hodi. Bakufu ni serikali ya samurai, askari wa upanga, iliyoanguka miaka kumi na mitano baadaye. Zubeiri alifundishwa maneno haya mwaka 1955 na karani mzee wa meli ya Kijapani, aliyewahi kuwa mwalimu.

"Wakati wa vita, kule Burma, nilimlenga Mjapani kwa bunduki," anasema. "Hapa Mjapani huyu akanimiminia chai. Tukaongea Kiingereza chetu kibovu siku tisa, nami nikaandika."

Daftari lake lina maneno thelathini na moja. Mkewe, Semeni, amelishonea jalada la kaniki. "Wenzangu wanaletewa kanga," anatania nyumbani kwao Chumbageni. "Mimi naletewa samurai."

Mzaha uliisha mwezi uliopita. Msimamizi wa gati, Mwingereza, aliuliza maana ya maneno yale, na Zubeiri, ambaye hajui kufichaficha, akamweleza yote, mpaka joi, yaani kufukuza wageni. Uso wa bwana yule ukawa mwekundu. Akaamuru kazi iitwe kwa kuhesabu: moja, mbili, tatu.

Zubeiri alikataa, akarudishwa nyumbani.

Asiyewahi kubeba katani ataona ni ukaidi tu. Lakini mwenye kuita ndiye anayepanga pumzi na miguu ya watu wanne. Siku ya tatu ya kuhesabu, mmoja alitangulia kwenye "mbili", na robota likatumbukia baharini.

"Lilinipita mguuni kwa shibiri moja," anasimulia Asheri, hamali kutoka Pongwe. "Nikasema basi, bila Zubeiri sinyanyui hata kikapu. Na wenzangu wakakaa chini."

Walikaa mpaka adhuhuri. Zubeiri akaitwa arudi na mwito wake, lakini kwa sharti: daftari likabidhiwe ofisini Jumamosi hii, la sivyo asirudi tena gatini.

Anajua atakachopoteza. Ana watoto watano, na hana shamba. Hata hivyo ameshaamua.

"Wajapani wana neno, ronin. Samurai asiye na bwana. Jumamosi nitakwenda mikono mitupu. Wakinifukuza nitakuwa ronin, na upanga wangu ni huu." Anagusa koo lake.

Semeni anamtazama, safari hii hatanii. "Tutakula mhogo, Baba Sabiha," anasema. "Daftari halitoki."

Katika ukurasa wa mwisho kuna neno ambalo Zubeiri hajawahi kuliita: taisei hokan, mtawala kuyarudisha madaraka kwa mwenye nayo. Hilo amelihifadhi, anasema, lina siku yake, na siku hiyo atasimama gatini aliite hata kama si hamali tena.

Alipoulizwa itikio lake ni lipi, alicheka.

"Hilo, bwana mwandishi, utaitika na wewe."