Bei ya Kwanza Niliyotajiwa Kariakoo

Siku yangu ya kwanza kuomba kazi nilikuwa na shahada ya uchumi na imani moja ambayo hakuna aliyeniarifu kwamba imekwisha kufa: kwamba mshahara hutoka juu, umekwisha kupangwa. Waliotutangulia chuoni walipangiwa vituo na serikali, na kila kituo kilikuwa na ngazi yake ya mshahara. Sisi tulihitimu mashirika ya umma yakiuzwa na ajira serikalini zimesimamishwa. Ndiyo maana nilikwenda kuomba nafasi ya ofisa mauzo katika duka la vitenge vya jumla, Kariakoo.

Mwenye duka, mzee wa Kihindu aliyezaliwa hapahapa mjini, alitaja kiasi kidogo mno.

"Sawa, mzee," nikajibu.

Aliweka kalamu chini. "Sawa? Basi?"

"Nimekubali."

"Bwana, bei yako mwenyewe hukuitetea, vitenge vyangu utavitetea kwa nani? Nenda bohari."

Hivyo nikaanza kupanga majora, yaani vitambaa vizima kabla havijakatwa, kwa mshahara uleule. Msimamizi wa bohari, mtu wa Lindi, alicheka hadi akakalia mzigo.

"Msomi! Hata nyanya za Buguruni watu huomba wapunguziwe. Wewe umebeba bei ya kwanza?"

Akanifundisha: usiporidhika, taja bei yako; ukikataliwa, ondoka polepole. Utaitwa.

Miezi ilipopita nilipanda ofisini, nikadai nafasi ya mauzo na mshahara wake. Mwenye duka akatikisa kichwa. Nikaaga, nikavuka barabara polepole, nikajifanya natazama mabeseni. Sikuitwa. Kodi ya chumba changu Magomeni ilikuwa inakaribia, nikarudi.

Mwenye duka hakuinua macho. "Anayerudi bila kuitwa, bwana, hapangi bei."

Mpaka leo sijaelewa kama siku ile nilikuwa muuzaji au bidhaa. Ninachojua ni kwamba kila mwajiri aliyefuata aliniuliza kwanza nilikuwa nikilipwa ngapi, na mshahara ule wa bohari ukanifuata hadi nilipostaafu mapema.

Juzi binti wa jirani, aliyehitimu mwaka huu, alinijia. "Shikamoo, baba. Kwenye usaili nitaje ngapi?"

"Marahaba. Taja juu, wala usirudi nyuma."

Akaenda kwenye usaili, akataja. Wakamshukuru kwa adabu, wakasema watampigia simu. Akarudi kwangu.

"Sasa nisubiri, baba, au niende tena?"

Nikamwomba kwanza akae, nimsimulie siku ile niliyovuka barabara polepole.