Kitunga Namba Sita

Juma lililopita mama mkwe wangu alichemsha majani ya mkaratusi ili mtoto wangu mdogo avute mvuke, maana kifua kilikuwa kimembana. Harufu ile kali ilipojaa nyumba, miguu yangu ikawa baridi kabla sijajua kwa nini. Nikiwa bado nimesimama mlangoni, nikamsikia anamwambia binti yangu mkubwa, aliye na miaka saba: "Usipite mu mihogo ya jirani. Kule wametega. Tumbo yako itakwisha." Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayemfunika mtoto shuka.

Nilimvuta mtoto kwa mkono. Nikasema maneno ambayo mke wa mtu hamwambii mama mkwe. "Weye bibi ya kusoma," akasema, "uko unakasirika bure." Sikuweza kumjibu sawasawa, hasira ilinijaa mdomoni kama uji wa moto. Ndiyo maana naandika. Nyinyi mtanisikiliza mpaka mwisho. Yeye hangenisikiliza.

Nilikuwa na miaka kumi, nimemaliza darasa la tano, na tulikuwa katika vakansi, likizo ndefu ya jua na vumbi, wakati Uvira yote, mji wetu wa kando ya ziwa, inanuka ndagala, yaani dagaa, zinazoanikwa. Kulikuwa na kijana mmoja wa parokia, Amani, aliyetuangalia watoto ili tusishinde tukizurura ufukweni. Alikuwa amesoma Bujumbura, na huko aliona watu wakicheza mchezo wa kurusha visahani vya plastiki katikati ya miti, kutoka mahali hadi mahali, mpaka kisahani kiingie kwenye kikapu. Anayefikisha kwa kurusha mara chache ndiye anayeshinda. Alirudi na kisahani kimoja cha kweli, cha rangi ya chungwa, kizito kuliko kilivyoonekana. Vingine vilikuwa vifuniko vya ndoo za rangi ya nyumba.

Vikapu alivipata kwa akina mama wa sokoni, mama yangu akiwemo. Vilikuwa vitunga vya zamani vya kubebea ndagala, vimetoboka chini. Akavifunga kwenye miti tisa katika msitu wa mikaratusi ulio juu ya mtaa wetu, pale mlima unapoanzia. Vilinuka samaki kiasi kwamba siku ya pili yake paka wawili walikuwa wamehamia huko.

Watoto wote walikuwa waje kucheza Jumamosi. Kabla ya hapo Amani alitaka mtu apite aone kama uwanja unafaa, na akanichagua mimi kwa sababu ya mwandiko wangu. Akanipa daftari, kalamu na kile kisahani cha kweli. "Cheza vyote tisa," akasema. "Kila kitunga ukipatie pointi juu ya kumi, na uandike sababu. Usinidanganye." Katika maisha yangu hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza naonaje juu ya jambo lolote. Alhamisi ile nilipanda mlima nikitembea kama mkaguzi wa shule.

Shida ilikuwa Riziki, mdogo wangu. Alikuwa na miaka sita. Mama akiwa sokoni, popote nilipokwenda mimi alikwenda na yeye, utadhani tumeshonwa pamoja.

Kitunga namba moja kilikuwa wazi na karibu. Nikakipa saba kati ya kumi: "7. Rahisi, hata koko anaweza." Koko ni bibi yetu mzaa mama, alikuwa haoni vizuri. Namba mbili miti ilisongamana, kisahani kiligonga shina kikarudi na kupita sikioni mwa Riziki kikivuma. "4. Miti inarudisha." Namba tatu kulikuwa na mteremko, ukikosea unakimbiza kisahani nusu ya njia kwenda ziwani. Namba nne sikumbuki. Namba tano siafu walikuwa wameingia kitungani kufuata magamba ya samaki. Nikakipa mbili, na wino ulitapakaa kwa sababu niliandika huku nikijikuna.

Kadiri tulivyoingia ndani ndivyo msitu ulivyobadilika. Mikaratusi ina tabia ya kulia. Upepo wa ziwa ukiisukuma juu, inatoa mlio kama mlango unaofunguliwa polepole na mtu asiyetaka usikie. Magome yalining'inia kama ngozi. Nilianza kusema kwa sauti ya chini, na Riziki akaniiga.

Kwenye namba sita kulikuwa na kijito. Maji yalikusanyika katika kidimbwi kidogo chenye mawe meupe chini, safi hata ungeweza kuyahesabu. Jua lilikuwa limetupiga. Riziki alikigeuza kile kisahani cha chungwa kikawa bakuli, akachota, akanywa, akachota tena. "Yaya," akasema, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "iko baridi sawa ya frigo." Mimi nilionja mafunda mawili tu, nilikuwa nashughulika na kazi. Kabla hata sijarusha niliandika kwa herufi kubwa: "10 juu ya kumi. Kuna maji mazuri."

Ndipo nikarusha. Kisahani kilikwenda vizuri, halafu kikapinda kushoto kama kimeitwa, kikaanguka nyuma ya kamba.

Sikuwa nimeiona ile kamba. Ilipita kati ya miti miwili michanga, na katikati yake ilining'inia chupa nyeusi iliyofungwa kitambaa chekundu, na manyoya ya kuku. Kila mtoto wa kwetu anajua kitu kile. Mwenye miti au shamba ametega. Tulikuwa tumeambiwa tangu tunanyonya: ukivuka, tumbo linafunguka, maji yanakutoka mpaka unakauka, na hakuna sindano inayoweza kulifunga ila mwenyewe aliyetega afungue kamba yake. Na tuliambiwa lingine, baya zaidi. Ukimwambia mtu kabla kamba haijafunguliwa, linamwingia na yeye.

Nilifungua mdomo kumwita Riziki. Alikuwa tayari upande wa pili. Alikuwa mfupi, alipita chini ya kamba bila kuinama, kichwa chake kikaigusa chupa, chupa ikacheza. Akarudi anacheka, kisahani kichwani kama kofia.

Sikumpiga, sikumwambia kitu. Nilimshika mkono tukashuka. Kitunga namba saba, nane na tisa sikuviona hata kwa mbali. Nilivipa sita, sita na saba nikiwa nimekaa nyuma ya ukuta wa parokia, nikampa Amani daftari, akafurahi. "Namba sita kumi!" akasema. "Basi Jumamosi tutaanzia pale."

Asubuhi ya kesho yake Riziki alianza.

Sitawapambia maneno. Yalimtoka maji meupe kama maji ya kuoshea mchele, hayakuwa na mwisho. Kufikia saa mbili macho yake yalikuwa yamezama na vidole vyake vimekunjamana kama vya mtu aliyefua mchana kutwa. Kila kitu nilichoambiwa kilikuwa kinatokea mbele yangu kama kilivyosemwa. Mama akaniuliza, "Jana mulikula nini? Sema." Nikamtazama mama yangu, nikafikiri, nikisema litamwingia na yeye, nitabaki na nani.

"Maembe mabichi," nikasema.

Kwa maembe mabichi dawa yake ni majani ya mpera. Mama akayatwanga, akamnywesha, akakaa kusubiri yafanye kazi. Mimi nikasema nakwenda kuchota maji, nikaiacha ndoo nyuma ya nyumba, nikakimbia mlimani.

Mwenye miti ile alikuwa mzee Kashindi. Nilimkuta juu ya kijito anakata fito, shati amelitundika kwenye tawi. Nilianguka magotini. Nilimwambia haraka, nikijua yeye ndiye mtu pekee ambaye haliwezi kumwingia. Mdogo wangu amevuka. Ni mdogo. Hakuiba. Afungue.

Aliweka panga chini. Akacheka, si kwa ubaya, ila kwa muda mrefu.

"Mutoto, ile iko chupa ya bia tu. Na manyoya ya kuku yenye tulikula Noeli. Niliiweka juu ya kuwaogopesha, munanivunjia miti."

"Lakini anaharisha. Anakauka."

Hapo akaacha kucheka. "Mulikunywa ile maji?"

Nikasema ndiyo.

"Ile maji hatunywi. Toka walijenga manyumba kule juu, vyoo vyao vinashukia mule mule. Kila muntu wa hapa anajua ile."

"Miye sikujua," nikasema.

Sikumbuki niliteremkaje. Nakumbuka nyumba ilikuwa tupu, na majani ya mpera kwenye kinu. Mwanamke mmoja akaniambia mama wa jirani alikuwa ameingia, akamtazama mtoto, akasema hii si embe, wakambeba kushuka naye kwenye mahema ya wagonjwa wa kipindupindu. Nilikimbia tena. Uzio wa mahema ulikuwa wa plastiki, na kulikuwa na harufu ya klori inayochoma macho. Niliwaona kwa upenyo: Riziki juu ya kitanda chenye tundu la kupitisha uchafu, sindano mkononi, mdomo wazi, mama amemshika mguu tu kwa sababu hakukuwa na pengine pa kushika. Nilipiga kelele kupitia uzio kwamba alikunywa maji ya kijito cha mikaratusi. Muuguzi mmoja wa kike, mwenye buti, akaja mpaka pale.

"Nani mwingine alikunywa?"

"Mimi. Kidogo."

"Na nani tena anaenda pale?"

Nikakumbuka daftari. Watoto arobaini, na namba sita kumi juu ya kumi, kwa mwandiko wangu mzuri. "Kesho," nikasema, na mkojo ukanitoka. Akanivuta ndani, akanipa kikombe cha maji ya chumvi na sukari, akamtuma mtu kwa Amani.

Amani aliviondoa vitunga vyote jioni ile. Baadaye alikuja kusimama kwenye uzio, hakunigombeza. Aliuliza tu kama saba, nane na tisa nilivicheza. Nikasema hapana. Akasema, "Nilijua, viko vibaya sana."

Riziki alikaa mle siku nne. Siku ya pili hawakutuambia kitu, na nilijifunza kwamba wauguzi wasipokuambia kitu ndiyo wanaogopa. Akapona. Leo ana mdomo mkubwa kuliko wangu, na haamini nikimsimulia.

Kwa miaka mingi niliamini ule uongo wa maembe ndio ulitaka kumwua. Nilipopata mimba ya kwanza sikuweza kuubeba tena, nikaenda kwa mama, akiwa anachagua ndagala, nikamwambia yote: kamba, chupa, embe. Nilingoja anilaani. Mikono yake ikasimama juu ya samaki.

"Afazali ulinidanganya," akasema.

"Juu ya nini afazali, mama?"

"Ungesema amevuka kamba, ningemubeba kwa Kashindi kwanza. Hata yule mama wa jirani angenisindikiza."

Mama yangu ni mtu mwenye akili. Amelea watoto watano, hadanganywi na mtu sokoni. Nami nilidhani niliogopa vile kwa kuwa nilikuwa mtoto, na kwamba wakubwa waliotutisha wenyewe walijua mwisho wa mchezo wao. Kashindi alijua, ndiyo. Alijua chupa haina kitu, akaifunga kwenye miti. Alijua maji yanaua, akayaacha wazi. Lakini waliotupokeza ule woga, mama na mama yake na mama mkwe wangu, hawakuwa wanatudanganya. Walikuwa wanatupa walichokuwa nacho.

Tangu siku ile namwona mama, katika safari ambayo hakuifanya, hata nisipotaka. Amemfunga Riziki mgongoni kwa kitenge, maji yanamtiririka mtoto mpaka kwenye visigino vya mama. Mahema yako chini, nyuma yake, na yeye anapanda mlima kwa Kashindi, haraka haraka, kwa mapenzi yake yote.