Kina Mama wa Banu Mulayl

Mtunza nasaba wa ukoo wetu, Banu Mulayl, alikuwa akihesabu mababu kwa pingili za vidole, kidole gumba kikipanda taratibu, na kila mwanamume alimtaja pamoja na mama yake: Jandal mpiga upinde, mama yake Rumaitha, Awf aliyechimba kisima, mama yake Dhubaa. Kwenye majina ya kina mama sauti yake ilishuka, na asiyesogea karibu hakuyasikia. Hakuwa na kitabu. Alifundishwa na bibi yake, na zaidi ya yeye mwenyewe hakuna aliyeyajua majina yote.

Mwaka ule vijana walileta barazani mti wa ukoo uliopigwa chapa, mrefu kuliko mlango. Mzee alivaa miwani, akaufuata kwa kidole kutoka shina hadi matawi, kisha akarudi chini akaanza upya.

"Mama zao wako wapi?" akauliza.

"Wako jikoni, ami," alijibu Mutlaq, mpwa wangu. "Wanatupikia wali."

Baraza zima likacheka. Mzee akatikisa kikombe chake cha kahawa kuonyesha ametosheka, ingawa alikuwa amekunywa kimoja tu, akavaa viatu. Hakurudi tena. Kabla ya Ramadhani tulimzika.

Sasa wajukuu wananiuliza, nami kati ya kina mama wote wale nakumbuka hao wawili tu. Siku ile ningeweza kumfuata hadi mlangoni nikayaandika majina yao. Kalamu ilikuwa mfukoni mwangu. Lakini nilikuwa bado nacheka.