Punguzo Si Gari

Nakumbuka Jumapili moja ya manyunyu hapa Guangzhou, wewe mgongoni mwangu umelala mdomo wazi, baba yako mbele yetu anatembea kama bwana harusi, na mimi nina hasira hata meno yananiuma. Nasra, mwanangu, haya nayaandika wewe hujui hata kushika kijiko. Mimi si mzee. Bibi yako akisikia natoa nasaha atacheka mpaka kanga imdondoke. Lakini uchovu nao una mvi zake, na zangu zimeota ndani, mahali pasipofika kitana. Ukifika umri wa kushika fedha yako mwenyewe, soma.

Kwanza ujue tulivyokuwa tukiishi. Baba yako alinunua nguo za jumla soko la Shisanhang na barabara ya Zhanqian karibu na stesheni, akazifunga marobota, akazipeleka Dar es Salaam. Kule sokoni hatukuwa na lugha, tulikuwa na kalkuleta. Muuzaji anabonyeza bei, anakuonyesha. Wewe unacheka, unafuta, unabonyeza nusu yake. Anashika kifua kama amechomwa kisu. Unageuka, unaondoka. Hujafika kwenye ngazi utasikia, "Pengyou! Pengyou!", yaani rafiki, rudi. Unarudi, mnamalizana. Ndiyo desturi, na kila mmoja anajua mwenzake anaigiza. Baba yako alikuwa fundi wa kuondoka. Wenzake walimwita Mguu Nje, na jina lile alilipenda kuliko la baba yake.

Msimu ule biashara ilikwenda vizuri. Tulikubaliana, yeye na mimi, kwamba faida itatupeleka Tanga, mimi na wewe, kwa bibi yako. Kisukari kilikuwa kimeanza kumla macho. Alituma salamu kwa mdomo wa mtu aliyekuja kununua viatu: "Mwambieni amlete mtoto nimwone, kabla sijabakiwa na vidole tu vya kumwonea." Maneno yale niliyalalia na kuyaamkia. Fedha ya safari nilikuwa nayo mwenyewe, nimeifunga kwenye kanga kiunoni, chini ya miguu yako. Benki yetu ilikuwa wewe.

Basi Jumamosi baba yako akaingia ndani anameremeta.

"Mama Nasra, nimepata gari."

"La kupakia marobota?"

"Marobota gani! La Kimarekani, la zamani, milango miwili, boneti refu kama meza ya kitchen party. Injini silinda nane. Likinguruma unalisikia tumboni. Kuna tajiri Dar aliniambia siku moja akiliona la namna hiyo atalinunua macho yamefumba. Na asiponunua, tunalikodisha kwa maharusi. Fikiria linapita Kariakoo, tarumbeta nyuma!"

Nikamuuliza bei. Hakunijibu bei. Mwanangu, hapo ndipo pa kusimama usome mara mbili. Mtu ukimuuliza bei akakujibu punguzo, jua amekwisha kupotea.

"Nimemkata zaidi ya nusu," akasema. "Zaidi ya nusu! Jamaa karibu alie. Nimeshaacha arbuni, kesho tunamalizia."

"Nusu ya nini?"

"Ya bei aliyoitaja."

"Na yeye aliitoa wapi hiyo bei?"

Akaniangalia kama nimemuuliza mvua inatoka wapi.

Sikulala. Asubuhi akaja Bi Zuhura kula nasi, kama Jumapili zote. Bi Zuhura ni Mzanzibari mtu mzima, anasafirisha mikoba ya kike, na sisi vijana wa Guangzhou wote tulikuwa wanawe tupende tusipende. Baba yako akamsimulia gari kwa mikono miwili, wali unapoa. Yule mama akamsikiliza mpaka mwisho, akalamba vidole, akasema:

"Mwanangu Shaabani, yule bwana asingelitaja bei yoyote, wewe ungelimpa ngapi?"

Baba yako akashusha mikono.

"Sikufahamu, Bi Zuhura."

"Umenifahamu sana. Gari lile pale, bwana yule bubu, kalkuleta imekufa betri. Ungelitoa ngapi?"

Baba yako akachota tonge la wali. Hakuwa na namba. Alikuwa na namba ya mwenziwe aliyoikata, basi.

"Ati na wewe ukafunga safari, ukalipa," akasema Bi Zuhura. "Umenunua punguzo, baba. Gari hujalinunua bado. Haya, twende tukalione."

Ndiyo tukatoka kwenye manyunyu yale. Yadi ilikuwa nje kidogo ya mji, imejaa malori mabovu na vipuri. Mwenyewe aliitwa bosi Liang, mtu mchangamfu, meno yote nje. Akatupa chai kwenye vikombe vidogo, akakufinya shavu, akamwita baba yako kaka mkubwa. Na gari lile, mwanangu, sisemi uongo, lilikuwa zuri. Jekundu, mistari miwili myeupe kutoka puani hadi mkiani. Hata mimi na hasira zangu nilitaka kuligusa. Namwelewa baba yako. Kumwelewa hakujanipunguzia chochote.

Bi Zuhura hakuligusa kwa mkono. Alitoa mkoba wa sampuli, ule wenye kifungo cha sumaku, akakifunika kwa kitambaa asikwaruze rangi, akakipitisha mlangoni. Juu kilishika. Chini hakikushika, kilianguka. Akajaribu ubavuni, kikaanguka. Nyuma ya tairi, kikaanguka. Pale hapakuwa na bati, palikuwa na puti, ule udongo ambao mafundi huzibia kutu kisha wanapaka rangi juu.

"Gari la zamani lazima liwe na viraka, Bi Zuhura," baba yako akasema. "Ningekuta halina ndiyo ningeogopa."

"Viraka sivikatai. Hata mie ninavyo. Nauliza, vimo kwenye bei?"

Mimi nikamwambia bosi Liang afungue boneti. Mjomba wangu Tanga ni fundi makenika, nimekulia kwenye oili. Injini ilikuwa imepakwa rangi inang'aa kama sufuria ya maonyesho. Baba yako alikuwa ameiangalia jana, akaona mng'aro. Mimi nikahesabu nyaya za plagi kama mtoto wa chekechea. Kila silinda na waya wake. Zilikuwa sita.

"Baba Nasra, njoo uhesabu."

Akahesabu. Akahesabu tena kuanzia upande wa pili, kana kwamba huko zingeongezeka.

Mjomba alinieleza zamani, mambo haya tukiyaona kwenye picha za magazeti. Bodi moja Wamarekani waliiuza kwa watu wawili, mwenye haraka alipewa injini kubwa, mwenye kwenda dukani alipewa ndogo. Kwa nje ni mapacha. Lakini anayetafuta gari la namna hii miaka mingi baadaye analipia injini ile kubwa, tena iwe ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Mistari anaweza kupaka mtu yeyote mwenye brashi. Hili letu lilikuwa pacha wa dukani, amevaa shati la kaka yake.

Bosi Liang akaona nyuso zetu zimebadilika. Hakusubiri tuseme. Akachukua kalkuleta, akafuta, akabonyeza, akamwonyesha baba yako. Imeshuka.

Basi hapo, Nasra, nikamwona baba yako macho yanamrudi. Nyaya sita amezisahau. Puti ameisahau. Namba imeshuka, na damu ya Mguu Nje imechemka.

"Mmeona?" akasema. "Na bado ataendelea kushuka. Mama Nasra, fungua kanga."

"Sifungui."

"Arbuni yangu itapotea!"

"Imeshapotea jana."

Bi Zuhura akamshika mkono. "Shaabani, arbuni ni jino lililong'oka. Huendi kung'oa mengine ili lipate wenziwe. Haya nijibu mie. La mfano wa hili umeliona wapi limeuzwa? Sisemi linaulizwa ngapi, nasema limeuzwa, fedha imebadili mkono?"

"Sijaliona. Hakuna. Ni adimu!"

"Basi bei yake huijui, wala mie siijui. Ya shati unaijua kwa sababu yako maduka mia yanayouza lile lile. Hapa una duka moja na mdomo mmoja. Usukani nao huu kushoto, kwetu kulia. Kipuri kikivunjika utakitafuta wapi, Kariakoo? Meli, ushuru, fundi, umevitoa kwenye bei? Na tajiri wako alitia hata shilingi, au alitia maneno?"

Alitia maneno. Sote tulijua.

"Fungua kanga," baba yako akaniambia tena, safari hii kwa sauti ya chini, na sauti ya chini ndiyo ya kuogopwa. "Usinivunje mbele ya watu."

Nikageuka nikaondoka.

Nyuma yangu nikasikia, "Pengyou!" Namba nyingine imeshuka. Sikugeuka. "Pengyou! Pengyou!" Baba yako akanikimbilia, kalkuleta ya watu mkononi, mvua inaidondokea. "Ameshusha tena! Hebu tazama, ameshusha tena!" Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na pale kibaya kilikuwa kinanifuata getini mbio, kimebebwa na mume wangu. Ukaamka, ukalia. Nikamgeukia, nikapiga kelele hadi wapasua vyuma wakaacha nyundo:

"Mimi siondoki ili niitwe! Naondoka!"

Baba yako akasimama kama aliyesikia lugha mpya. Miaka yote kuondoka kwake kulikuwa nusu ya kurudi. Hakuwahi kumwona mtu anaondoka akaenda.

Usidhani nilishangiliwa. Ndani ya teksi Bi Zuhura alinigeuzia uso akanipa na mimi changu. "Umesema kweli, mwanangu, ila umeisema kwa sauti ya mnadani mbele ya mgeni. Mume akivunjwa nje, wa kuokota vigae ndani ni mke." Nikamwuliza, ningeisema kwa sauti ndogo ningesikika? Akatazama dirishani. Mpaka leo hajanijibu, na mpaka leo vigae bado naokota. Baba yako alinisemesha kupitia kwako wiki kadhaa. "Nasra, mwambie mama yako chai imepoa." Wewe ungali unanyonya!

Tulikwenda Tanga. Bibi yako alikuwa na jicho moja bado lina mwanga, kwa pembeni. Akakusogeza dirishani, akakugeuzageuza kama mtu anayetafuta kasoro kwenye kitambaa, akakuona. "Pua ya baba yake," akasema, "masikini." Akacheka, nikalia. Tulipokuwa tunarudi Guangzhou alikuwa anakujua kwa vidole tu.

Tukiwa bado Tanga, baba yako alipiga simu kutoka Guangzhou kwa jirani, nikaitwa. "Mama Nasra, nilipita kule yadi. Bado lipo. Limeshuka tena." Nilichoka. Kelele sikuwa nazo tena. Nikamwuliza tu, "Na wewe ungetoa ngapi?" Nikamsikia anabonyeza kalkuleta, na kila dakika inakula fedha. Kisha akataja. Namba yake mwenyewe, ya kwanza. Ilikuwa ya vyuma chakavu, na usafiri juu ya muuzaji. Nilicheka kidogo, si sana. Hasira nilikuwa bado naihitaji.

Basi, mwanangu, nasaha yangu sina mapambo ya kuipamba. Ukitaka kununua kitu kikubwa, gari la kifahari au hata kitanda, kaa kwanza peke yako ujiambie kina thamani gani, ndipo umwendee mwenye nacho. Ukisubiri aseme yeye kwanza, utakuwa unapigana ndani ya nyumba yake. Tafuta cha mfano wake kilichouzwa kweli, na ukikosa, kubali kwamba hujui, na asiyejua huenda polepole au haendi. Toa gharama ya kukitengeneza, toa njia ya kukifikisha, na umwulize anayesema atakinunua kwako ameweka nini mezani. Kibaya si dhambi kukinunua, mradi ubaya wake umo kwenye bei. Rahisi huvunja upishi, hilo utalisikia kwa kila mtu. Mimi naongeza kwamba arbuni isikuburute. Na siku ukigeuka kuondoka, uwe na uwezo wa kwenda.

Na ukiolewa na Mguu Nje, kaa na kanga mwenyewe.

Mungu akupe macho yanayopenya rangi yakaona bati, Nasra. Akupe mtu mzima wa kukuuliza swali gumu wali unapoa. Akupe sauti ndogo inayosikika, ambayo mimi sikupewa, na pale isiposikika, akupe miguu. Akuhifadhi, akukuze, ukamwone kila unayempenda angali anaweza kukuona. Amina.